Michezo ya Kimya

Jericho, Nairobi
Jumatatu, 13 Januari 2025

Walaal, ndugu yangu Nabiswa,

Nitaruka maneno ya afya. Wanafunzi wetu huandika mistari sita ya kuulizana hali kabla hawajasema jambo lolote, na mimi nimechoka kuisoma.

Aliyekukabidhi bahasha hii ni shangazi yangu Kawsar, mwenye duka la vitambaa Eastleigh. Kila Jumanne huwapelekea mafundi cherehani wa huko Dandora vitambaa vya sare za shule, na amekubali kuwa posta yetu. Ukiwa na jibu, mpe yeye. Usinipigie simu, maikrofoni yake imekufa. Na usinijibu kwa WhatsApp. Nataka barua za karatasi, nizibandike ukutani, watoto waone watu wazima wawili wakiandikiana Kiswahili bila kulazimishwa na mtihani.

Tangu tutoke chuo cha ualimu, miaka mitano sasa, tumekuwa tukitumiana vichekesho tu. Hatujawahi kuulizana tunafundishaje. Basi nakuuliza. Najua shule yenu ya jamii ina watoto sitini na wawili katika Gredi ya Tano na vitabu kumi na vinne. Unawafundishaje msamiati? Na je, una mchezo wowote ambao mwalimu hahitaji kusema sana? Darasa letu limetenganishwa na la jirani kwa ubao mwembamba, na mwenzangu wa upande wa pili analalamika kwamba nampigia kelele. Nataka michezo ya kimya.

Dadako,
Sahro Abdiqadir


Dandora
20 Januari

Sahro,

Huyo shangazi yako alinitisha. Alisimama langoni na robota la kitambaa begani, akaita, "Nani hapa Mitchelle Nabiswa?" kwa sauti ya afisa wa upelelezi. Mwalimu mkuu akatoka. Bawabu akatoka. Nikadhani nimeshtakiwa.

Halafu nafungua bahasha, nakuta umelalamikiwa kwa kelele! Nimecheka peke yangu. Wewe ndiye uliyesoma shairi ukumbini chuoni bila kipaza sauti, wapishi wakatoka jikoni na miiko mikononi kuja kusikiliza. Mwambie huyo jirani ashukuru, wengine tulikuwa tunabanana milangoni.

Haya, msamiati. Nina kitu nakiita Soko la Maneno. Mwenye duka hapa nyuma ya shule hunipa katoni tupu za sabuni. Nazikata vipande vya ukubwa wa kiganja, na kwenye kila kipande naandika neno moja kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya soko natandika leso sakafuni, napanga maneno kama nyanya, mafungumafungu. Mtoto anakuja, anachagua neno, ananiuliza bei. Bei ni sentensi. Neno jepesi, sentensi moja. Neno gumu, mbili, na zisifanane. Akilipa vizuri anaondoka nalo, ni lake mpaka Ijumaa, na mwenzake akitaka kulitumia kwenye insha lazima aende kumwomba.

Mbuthia, ambaye hajawahi kukaa kitako dakika tano, alilitaka neno "kochokocho". Akalipa hivi: "Kejani kwetu kuna kunguni kochokocho." Nikamwambia keja ni ya mtaani, hapa sokoni tunasema nyumba. Akaniuliza, "Kwani mwalimu, hiyo keja nikikupa, utanirudishia neno gani?" Hapo hapo nikafungua meza ya pili: unaleta neno la Sheng, unabadilishiwa na la Kiswahili sanifu, unaondoka na yote mawili. Sasa wananiletea maneno ambayo mimi mwenyewe, mtu wa Dandora, sijawahi kuyasikia.

Kuhusu kusema: nilikaa tu kama mwenye duka siku ya joto. Sidhani nilitamka maneno ishirini. Mchezo wako wa kimya ndio huo.

Wako,
Nabiswa


Jericho
27 Januari

Walaal,

Nimelijaribu soko lako na watoto saba. Nilitumia majalada ya nyuma ya madaftari yaliyokwisha, maana katoni hapa hugombaniwa na wauza mboga wa sokoni.

Kuna mtoto anaitwa Mumin. Alinunua "ghadhabu" na akakataa kumwazima mtu. Mwenzake alipomfuata mara tatu, Mumin akamwandikia kwenye karatasi: "Siwezi kukupa ghadhabu yangu, naitumia sasa hivi." Hebu niambie, hiyo si sentensi ya kutosha kumaliza wiki?

Nina maswali. Mtoto asiyejua neno unamwonyeshaje maana bila kumwambia? Unachora? Unaigiza? Maneno kama "huzuni" yanachoreka, lakini "ingawa" utalichoraje? Nimekaa na hilo "ingawa" siku mbili.

Nami nakupa wangu. Nimefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye msumari. Niliandika shairi fupi, kila mshororo kwenye ukanda wake wa karatasi, nikauanika kwa vibanio bila mpangilio. Kazi yao ni kulipanga, na sheria ni moja: midomo imefungwa. Wanaelekezana kwa macho na vidole. Walilipanga kwa njia mbili tofauti na zote zikaleta maana, moja ya kuchekesha na nyingine ya kusikitisha. Mimi niliyeliandika sikuwa nimeiona hiyo ya kusikitisha. Niliinakili hiyo kwenye kanda nyingine, nikayaacha mashairi yote mawili kambani.

Sahro


Dandora
10 Februari

Sahro dada,

Kamba imewaka moto huku. Tulikosa vibanio, tukatumia vile vya nywele za wasichana. "Ingawa" tumeliigiza: Mbuthia anatembea akichechemea, anaanguka, anainuka, anaendelea. Darasa zima likapiga kelele, "Ingawa!"

Ila kwa nini saba? Darasa lako lina watoto arobaini na wanane, uliniambia mwaka jana.

Sasa nisikilize, nina jambo linanisumbua. Wiki iliyopita niliwapeleka kwenye ukuta wa nyuma, kila mmoja na kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti. Amri: usiseme, nusa, andika. Wakaandika mandazi, moshi wa plastiki, sabuni ya kufulia, choo. Mmoja akaandika "mvua ambayo haijafika". Kutoka hapo tukaingia kwenye msamiati wa harufu: uvundo, shombo, manukato. Nikawaeleza kwamba kunuka ni kutoa harufu mbaya, na kunukia ni kutoa harufu nzuri. Herufi moja tu, lakini ukiikosea umemtukana mtu.

Kisha nikawaambia waandike mishororo michache kuhusu mtu wa nyumbani. Kuna msichana anaitwa Mukai. Mama yake huchambua plastiki huko jaani. Mukai akaandika: "Mamangu hurudi jioni, ananukia." Nikatia duara kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "ananuka". Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na karatasi sitini na mbili, Sahro, na lile ni jaa, sote tunajua linavyonuka. Lakini mwenzake akachungulia juu ya bega lake, akasoma kwa sauti, na darasa likacheka. Mukai akaikunja karatasi akaitia ndani ya soksi. Tangu Alhamisi hajaandika hata tarehe.

Sarufi ni sarufi, au siyo? Niambie siyo mimi niliyekosea.

Nabiswa


Jericho
17 Februari

Walaal,

Ulimuuliza?

Ulikuwa umewafundisha tofauti ya hayo maneno mawili siku hiyo hiyo. Mtoto aliyasikia yote mawili, akachagua moja. Mimi ningetaka kujua kwa nini alilichagua kabla sijataka kumsahihisha.

Usimwite mbele. Mpe karatasi tupu na penseli, uandike juu yake swali moja tu, kisha umwache. Wako watoto ambao mdomo wao ukifungwa, mkono hufunguka. Wako na watu wazima hivyo hivyo.

Sahro


Dandora
24 Februari

Sahro,

Niliandika: "Mukai, kwa nini ananukia?" Nikaiweka karatasi kwenye dawati lake nikaenda zangu kufuta ubao. Ilinirudia saa ya kwenda nyumbani. Nakunakilia neno kwa neno:

"Mwalimu, mama akitoka kazini haingii nyumbani. Anaogea bafu la nje la ploti, anapaka mafuta ya nazi, anavaa deraa safi, ndiyo anabisha. Hizo nguo zingine zinabaki kwa beseni. Sisi hatujawahi kumwona akinuka. Si wewe unayelala naye kitanda kimoja."

Nimesoma vitabu vingi vya sarufi na hakuna kilichowahi kunikalisha chini hivyo.

Kesho yake niliandika ubaoni: "Mwalimu alimsahihisha Mukai, na Mukai ndiye aliyekuwa sahihi." Nikawaomba waliocheka waniambie ni kwa nini yeye alikuwa sahihi. Mbuthia ndiye aliyesema mwishowe: "Mwalimu uliandika vile wewe unajua mathe wake, si vile yeye anamjua." Mukai alichukua karatasi mpya. Shairi lake hili hapa:

Mamangu huleta nyumbani mikono miwili,
kazi ameiacha nje kwenye beseni.
Akiingia, ananukia.
Sisi ndio tunaofungua mlango.

Jumamosi kuna mkutano wa walimu wa Kiswahili pale Makongeni. Najua utakuwepo. Nitakuletea nakala aliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake. Na nina habari nyingine: nimewaambia watoto wangu kuhusu darasa lako la Jericho, na wameomba kuliandikia barua. Zote sitini na mbili. Wameshaanza!

Nabiswa


Dandora
3 Machi

Sahro,

Nimekutafuta Makongeni ukumbi mzima. Nikamwona mtu mwenye beji ya shule yenu, anaitwa Mwalimu Mulongo, nikamkimbilia. "Sahro yuko wapi?" Akaniangalia. "Sahro? Huyo hajashika chaki tangu shule zifunguliwe. Yuko stoo." Nikamuuliza stoo gani. "Ya vitabu. Si ungemuuliza mwenyewe?" Kisha akaitwa, akaniacha nimesimama na kikombe cha chai mkononi kama mtu aliyepotezwa na mwenzake stendi.

Haya, nakuuliza mwenyewe. Mumin ni nani? Umemtunga? Ile kamba ya dirishani, ile ghadhabu asiyotaka kuiazima, ulikuwa unaniandikia hadithi? Nilikueleza aibu yangu mbele ya Mukai, na wewe ukaniambia, "Ulimuuliza?" kana kwamba unatoka darasani wakati huo huo.

Kama unakusanya michezo yangu ili utoe kitabu, ungesema. Ningekupa. Lakini nina barua sitini na mbili hapa mezani, zimeandikwa na watoto walioazimana kalamu, za kwenda kwa darasa ambalo halipo. Nitawaambia nini?

M. Nabiswa


Jericho
10 Machi

Nabiswa,

Mumin yupo. Ana miaka kumi na moja, meno ya mbele yamepishana, na aliandika sentensi ile kama nilivyokwambia. Uongo wangu uko kwingine. Nitausema wote.

Mwezi wa Desemba nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Nilikuwa nao tangu chuoni, ndiyo sababu nilipenda mitandio mipana. Daktari alinionya mapema kwamba mshipa unaoendesha sauti umepita hapo hapo na unaweza kuguswa. Uvimbe ulitoka, na Alhamdulillah haukuwa wa kuogopesha. Lakini nilipoamka nikaomba maji, mama hakunisikia. Nikaomba tena. Nesi ndiye aliyenisoma midomo.

Tangu siku hiyo nina mnong'ono, basi. Siwezi kumwita mtu aliye ng'ambo ya chumba. Simu yangu ni nzima, Nabiswa.

Madam Phelister, mwalimu mkuu wetu, hakunitendea ubaya. Mimi ni mwalimu wa bodi, nimeajiriwa na shule si serikali, mkataba wangu ni wa muhula kwa muhula, angeweza kuniambia nikae nyumbani. Akanipa stoo ya vitabu ili nisitolewe kwenye orodha. Watoto huja kuchukua vitabu, na saba kati yao wakaanza kubaki wakati wa mapumziko. Hilo ndilo darasa langu. Kamba ilikuwa dirisha la stoo. Jirani wa ubao mwembamba ndiye niliyemtunga. Barua zako kweli nilizibandika ukutani, ila ni ukuta wa stoo.

Madam ameniambia tarehe 27 mwezi huu ataketi katika somo langu moja, Gredi ya Tano nzima. Nikimudu, nitabaki. Nisipomudu, mkataba utaisha na muhula. Alisema, "Sahro, watoto arobaini na wanane bila sauti, mimi sijui itakuwaje. Nionyeshe." Nami sikujua. Ndiyo maana nilikuandikia. Sikuwa nakusanya michezo kwa ajili ya kitabu. Nilikuwa natafuta jinsi ya kurudi.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Wewe ndiye unayeikumbuka sauti yangu kuliko mtu yeyote, uliniandikia mpaka habari za wapishi na miiko yao. Nilitaka awepo mtu mmoja Nairobi ambaye akinisoma, bado anaisikia ile. Niliona ukijua, na wewe utaanza kunisoma kwa mnong'ono.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Watoto wako waambie ukweli wowote unaoona unafaa.

Sahro


Dandora
11 Machi, saa nne asubuhi

Sahro dadangu,

Naandika nimesimama. Nimemzuia Kawsar langoni, nimemwambia haondoki bila jibu, na yeye anasema, "Andika haraka mama, mafundi wananingoja, na mimi nimefunga." Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliapishwa.

Nilikushutumu kabla ya kukuuliza. Hii ni mara ya pili muhula huu, kwanza Mukai, sasa wewe. Nisamehe. Ile barua yangu iondoe ukutani kama uliibandika.

Barua za watoto nimeziweka kwenye bahasha kubwa. Hazitatupwa. Wana darasa la kuliandikia, ni suala la tarehe tu.

Sasa sikiliza. Unakumbuka jinsi tulivyofundishwa mizani chuoni? Kuhesabu silabi kwa vidole mpaka usingizi unatuchukua. Mimi siku hizi natumia mtungi wa maji mtupu, ule wa lita ishirini. Naugonga mara nane, taratibu. Nagonga tena. Bila maelezo. Wanaanza wenyewe kutafuta maneno ya kuingia ndani ya zile ngoma nane. Mtungi una sauti kubwa kuliko yako na yangu tukijumlishwa, Sahro, na hauchoki. Ukiuunganisha na vipande vyako vya maneno na kamba yako, una somo zima.

Jumamosi nakuja. Mnafuturu saa ngapi? Nitabeba viazi vitamu kutoka kwa mama, na mtungi. Na kuhusu kukusoma: nimeisoma barua yako mara tatu na nimesikia mtu yule yule, mbishi, anayeuliza maswali mawili kabla ya kujibu moja.

Kawsar amerudi garini, anapiga honi.

Nabiswa


Jericho
27 Machi

Walaal,

Somo limekwisha. Nakuandikia nikiwa na chaki mpaka kwenye viwiko.

Tangu Jumamosi ile ulipokuja kufuturu, ukainama kunisikiliza mpaka mtandio wako ukaingia kwenye uji, nimegonga huo mtungi kila siku. Jirani wa nyumbani, huyu wa kweli, alikuja kuuliza kama tuna arusi.

Madam Phelister aliingia saa tatu na kiti chake na daftari lake, akaketi nyuma kabisa. Niliandika ubaoni: "Leo hakuna anayesema, hata mimi. Mwenye neno aje aliandike." Mumin akaja mbio, akachukua chaki: "Hata tukiumwa?" Nikaandika: "Mkiumwa mna ruhusa ya kulia." Wakacheka, na nikaona mabega yangu yameshuka.

Nikagonga mara nane. Nikainua ukanda wenye mshororo, "Bomba letu halitoi," nikaelekeza kidole kwenye kila silabi huku nikigonga. Mara ya tatu madawati yakaanza kunijibu. Nikatandika leso na maneno.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wa nyuma hawakuona, wakasogea mbele wote kwa pamoja. Wavulana wawili wakashika kipande kimoja, wakavutana, dawati likaanguka. Zamani ningeita jina moja tu na darasa lingetulia. Niligonga mtungi kwa nguvu, hawakusikia. Nikagonga tena. Nilimwona Madam akiandika kitu daftarini. Sikuwa na lingine la kufanya, nikaenda katikati yao, nikaushika mkono wa kila mmoja, nikawapeleka kwenye kamba. Nikamchukulia mmoja wao kipande kingine, nikaanika vyote viwili bega kwa bega. Ikasomeka: "Foleni haujai." Mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Yule mwingine akatikisa kichwa kwa hasira, akaenda kutafuta neno la kurekebisha upuuzi ule, na wengine wakamfuata. Baada ya robo saa kambani kulikuwa na hili:

Bomba letu halitoi,
foleni haisogei,
na mtungi haujai,
wala mama halegei.

Nane, nane, nane, nane. Mshororo wa mwisho hakuna aliyekubali kwamba ni wa mtu mmoja. Walilipiga shairi lote kwenye madawati, watoto arobaini na wanane, bila neno, mpaka Mwalimu Mulongo akaja kuchungulia mlangoni.

Halafu Madam akainuka. Alitembea polepole kutoka nyuma, na mimi nikajua anakuja kufunga somo. Akachukua chaki mkononi mwangu. Akaandika:

Mwalimu arudi lini?

Akairudisha chaki. Kisha nikaona vidole vinahesabu chini ya madawati, mmoja, wawili, safu nzima. Wakaligonga. Nane! Wakageuka wote kumwangalia Madam, naye akajifanya anatafuta kalamu yake. Nilimuuliza baadaye kama alikuwa amehesabu. Alicheka tu.

Akaja msichana anaitwa Habon, ambaye hajawahi kuingia stoo yangu, hata jina langu sidhani alilijua vizuri. Akaandika chini yake:

Arudi leo, si kesho.

Wakaligonga na hilo.

Ofisini Madam alisema hivi: kusoma na kuandika, Gredi ya Tano na ya Sita, ni langu kuanzia muhula ujao. Kusikiliza na kuzungumza atachukua Mulongo. Mkataba ni wa mwaka mzima. Stoo itatafutiwa mtu mwingine. Sauti yenyewe daktari ataitazama tena mwezi wa Julai. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilimwambia mama habari hizo kwa mnong'ono, akanijibu kwa mnong'ono pia, kisha akajicheka, akalia, akaenda kukanda unga wa sambusa.

Zile barua sitini na mbili zilete. Wako wa kuzijibu.

Ila nina tatizo la kitaalamu. Somo lilipokwisha nikafuta ile amri ubaoni, wakarudishiwa vinywa vyao, na vita vikaanza papo hapo. Mumin anasema "mwalimu" ni silabi tatu: mwa, li, mu. Habon anasema ni nne: m, wa, li, mu, na kwa hiyo Madam Phelister amevunja mizani na hafai kuandika ubaoni. Darasa likagawanyika katikati. Wakanigeukia niwaamulie, wamekodoa macho, wengine wamesimama juu ya madawati.

Niliandika ubaoni, "Thibitisheni," nikawaachia mtungi, nikatoka. Nimefika hadi langoni nikiwa bado nawasikia.

Sahro